Barua ya wazi kwa wakuu wa Louvre: anzeni na jina la Madeleine

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Louvre, Paris, na kwa wote wenye dhamana ya picha zilizomo,

Salamu nyingi. Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Kilwa, na makazi yangu sasa ni Paris. Sehemu ya riziki yangu ni kuwatembeza wageni wanaosema Kiswahili: Wakongo wa Goma na Lubumbashi, Warundi, Watanzania, Wakenya, na mara mojamoja Waomani waliokipata Kiswahili kwa bibi zao waliokulia Unguja. Wakifika kwenu wote wanaulizia Mona Lisa, nami nawapeleka. Lakini siwaachi waondoke kabla hatujasimama mbele ya picha nyingine, isiyo kubwa, urefu sentimita 81 na upana 65, ya msichana mweusi aliyechorwa kwa rangi za mafuta na Marie-Guillemine Benoist. Ilionekana hadharani mara ya kwanza mwaka 1800, humo humo katika jumba lenu, kwenye maonyesho ya Salon. Kwa ajili ya msichana huyo nawaandikia.

Niwaeleze kwanza tunavyomwona sisi.

Amekaa kwenye kiti kilichotandikwa shali ya buluu. Kichwani ana kilemba cheupe kilichofungwa kwa ustadi, mkunjo juu ya mkunjo, na ncha yake ikaachwa ining'inie. Sikioni ana kipuli cha dhahabu. Vazi lake nalo ni jeupe, limeteremshwa, kiunoni pana utepe mwekundu, na titi moja liko wazi. Wengi wamezisoma rangi hizo tatu kuwa ni za bendera ya Jamhuri ya Ufaransa. Nyuma yake hamna kitu, ukuta mtupu wa rangi hafifu, ndiyo maana ngozi yake inajitokeza namna ile. Ukisogea karibu utaona mchoraji alivyoihangaikia ngozi hiyo. Hakupaka kahawia moja akamaliza. Bega lina mwanga wake, chini ya kidevu pana kivuli chake, na karibu na kwapa rangi inaingia wekundu kidogo. Na macho hayatazami chini wala pembeni. Anamtazama aliye mbele yake, na uso wake hausemi kama ameridhia au amevumilia tu.

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kunitembelea kutoka Kilwa Masoko. Ni mtu mzima, miguu inamsumbua, kwa hiyo tulikwenda taratibu tukipumzika kwenye kila benchi. Alipofika mbele ya picha hii hakuuliza nani kaichora wala ya mwaka gani. Aliuliza, "Anaitwa nani huyu, mwanangu? Kwao wapi?" Nikamjibu kwamba anaaminika kuwa ni Madeleine, na alitoka Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani. Akalirudia jina kwa ulimi wake: "Madelena." Akanyamaza. Nikaona mkono wake umeshika pindo la kanga ya juu, anaivuta kifuani na kujifunika vizuri, ingawa hakuwa wazi. Kisha akasema, "Kilemba kafunga mwenyewe. Nguo hakuiteremsha mwenyewe."

Sina hati ya kuthibitisha neno la shangazi. Ila nimesoma kurasa nyingi kuhusu picha hii na sijakutana na sentensi iliyoniingia kama hiyo. Yeye amefunga na kufungua vilemba na kanga maisha yake yote, na anajua mkono wa mwenye nguo ukoje.

Basi nije kwenye kazi yangu, kwa sababu ndiko nilikokwama hata nikaona niandike.

Picha ilipotundikwa mwaka 1800 iliitwa "Portrait d'une négresse", na "négresse" ni neno la dharau kwa mwanamke mweusi. Nikiwa mbele ya wageni wangu natakiwa kulileta jina hilo kwa Kiswahili. Nikisema "Picha ya mwanamke mweusi" nimelisafisha neno kupita kiasi, nimeondoa sumu iliyokuwamo, na mgeni wangu ataondoka akidhani watu wa mwaka 1800 walimwita dada huyu kwa heshima. Nikisema "Picha ya mjakazi" nimefanya vibaya zaidi. Mjakazi ni mtumwa wa kike, na siku ile alipokaa kitini kuchorwa, Madeleine hakuwa mtumwa mbele ya sheria ya Ufaransa. Mkutano wa Taifa, bunge la Mapinduzi ya Ufaransa, ulikuwa umefuta utumwa katika makoloni tarehe 4 Februari 1794, na tangu 1791 sheria ilisema kila aingiaye ardhi ya Ufaransa yu huru. Kwa neno moja la mkalimani mvivu, namrudisha utumwani mtu ambaye sheria ilikuwa imemtoa.

Wala msidhani kwetu neno mjakazi ni la kwenye kamusi tu. Katika miji ya pwani bado ziko nyumba ambamo hunong'onwa posa inapokuja: kijana huyu ukoo wake upi, bibi yake alikuwa nani kwa nani. Mtu anaweza kuwa na shahada na nyumba ya ghorofa, na bado neno hilo likavunja ndoa yake. Kwa hiyo sitaki kulitamka mbele ya msichana asiyeweza kunijibu. Nimejaribu maneno mengine, yote yananishinda. Pekee lisilonishinda ni lile alilolitaka shangazi tangu mwanzo, jina lake.

Marie-Guillemine Benoist mwenyewe alijua thamani ya jina. Alizaliwa 1768, akajifunza kwa Élisabeth Vigée Le Brun na kisha kwa Jacques-Louis David, wakati mwanamke kuingia studio ya mchoraji mkubwa lilikuwa jambo la kupigania. Picha hii aliitia sahihi ya ukoo wake wa kuzaliwa pamoja na ule wa ndoa: Laville Leroulx, mke wa Benoist. Nafikiri alitaka isije ikadhaniwa ni kazi ya mwanamume, na sina neno la kumlaumu hapo. Baadaye naye alinyamazishwa. Ufalme uliporudi, mumewe akapewa wadhifa serikalini, ikaonekana haifai tena mke wake kuonyesha picha hadharani, na brashi yake ikaishia hapo. Namhurumia kwa hilo. Lakini katika turubai lile lile lenye majina mawili ya mchoraji, aliyechorwa hakupata hata moja. Anayeaminika kuwa Madeleine alikuwa mtumishi aliyeletwa kutoka Guadeloupe na shemeji wa mchoraji, afisa wa meli. Alikuwa mtu wa nyumba yao, wakimwita kila siku ailete chai au afunge dirisha. Kwa jina gani, kama si jina lake?

Wahakiki wa wakati ule walimtendea vibaya zaidi. Mmoja aliandika beti za kejeli kwamba mkono mweupe na mzuri ndio uliotutendea weusi huu, akicheza na neno ambalo kwa Kifaransa ni weusi na ni uovu kwa pamoja. Watu walicheka. Msichana alikuwa ukutani anawatazama.

Mwaka 2019, kuanzia Machi 26 hadi Julai 21, Makumbusho ya Orsay yalifanya maonyesho makubwa kuhusu watu weusi waliokaa kuchorwa na wachoraji wa Ufaransa. Chimbuko lake lilikuwa utafiti wa Denise Murrell wa Marekani. Huko picha hii iliandikwa "Picha ya Madeleine". Akatajwa Laure, aliyechorwa na mchoraji Manet kama mtumishi anayeshika maua katika "Olympia", naye Manet alikuwa ameandika jina na anwani yake kwenye daftari. Akatajwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, aliyekaa kuchorwa na Géricault kwa ajili ya ile picha yenu kubwa ya chelezo cha manusura wa meli ya Medusa. Nilizunguka kumbi zile nikiona majina yanarudi kwa wenyewe mmoja baada ya mwingine, na nawashukuru kwa dhati wote walioifanya kazi hiyo, wakiwamo watu wa Louvre waliokubali picha zao zivuke mto kwenda kule.

Ombi langu la kwanza ni kwamba jina hilo litangulie kila mahali picha hii inapotajwa, ukutani, kwenye tovuti, kwenye kadi za posta, kwenye kitabu cha watoto. Kama watafiti bado wanataka neno "huenda", liwekeni, ni haki yao. Huenda Madeleine. Hata hivyo ni bora kuliko kumwita kwa rangi yake, kwa sababu "mwanamke mweusi" ni maelezo ya mamilioni ya watu, nao kila mmoja ana jina. Na jina lile la 1800 lisifichwe. Liandikwe chini, kwa herufi ndogo, ili watu wajue aliitwaje na nani.

La pili ni zito zaidi, na hapa nasema kama mtu wa Kilwa.

Picha hii hupenda kusimuliwa kama picha ya uhuru: Jamhuri imefuta utumwa, mchoraji mwanamke anamkalisha kitini mwanamke aliyekuwa mtumwa, rangi tatu za bendera zinamzunguka. Nami naipenda hadithi hiyo. Lakini tangu picha ionyeshwe, uhuru huo ulidumu miaka miwili tu. Tarehe 20 Mei 1802 Napoleon Bonaparte, akiwa Konsuli wa Kwanza, yaani mtawala wa Ufaransa, alipitisha sheria iliyouhalalisha utumwa upya. Julai mwaka huo huo watu weusi wakapigwa marufuku kuingia Ufaransa bila kibali, na amri nyingine ikaurudisha utumwa Guadeloupe, kwao Madeleine. Watu wa Guadeloupe walikuwa wameshapigana. Louis Delgrès, kiongozi wao, na wenzake, mamia kwa mamia, walijilipua kwa baruti Matouba tarehe 28 Mei 1802 badala ya kukubali minyororo. Solitude, mwanamke aliyepigana akiwa mjamzito, aliuawa Novemba, siku moja baada ya kujifungua. Tangu 2022 sanamu yake imesimama hapa Paris. Utumwa uliendelea Guadeloupe hadi 1848. Kwa hiyo Dola ya Ufaransa ilipoinunua picha hii mwaka 1818, watu wa kisiwa alikotoka aliyechorwa walikuwa wanahesabiwa mali. Fedha za umma zilimnunua kwenye turubai, na kule kisiwani ndugu zake walinunuliwa kwa nyama na damu.

Sheria ile ya Mei ilikuwa na vifungu vifupi, na cha pili hakitajwi mara nyingi. Kinasema yale yale yatafuatwa katika makoloni mengine ya Ufaransa yaliyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema. Ng'ambo ya Rasi ni Bahari ya Hindi. Ni visiwa vya Réunion na Mauritius, ambayo wakati huo iliitwa Île de France. Tangazo la uhuru la 1794 huko halikutekelezwa hata siku moja. Wajumbe waliotumwa nalo Île de France mwaka 1796, Baco na Burnel, walifukuzwa na walowezi na kurudishwa melini. Kisha kifungu cha tatu kikaruhusu biashara ya watumwa iendelee kwa kanuni za kabla ya 1789.

Watumwa hao walitoka wapi? Wengine walitoka kwetu. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice, tabibu wa meli aliyegeuka mfanyabiashara, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa, na juu yake zawadi ya piasta 2 kwa Sultani kwa kila mtu aliyeuzwa. Nimezaliwa mkabala na kisiwa hicho. Nimecheza utotoni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, chini ya kuta za ngome iitwayo Gereza, tukitafuta vigae vya China na ushanga uliooshwa na mvua. Hakuna mwalimu aliyetuambia kuhusu mkataba ule. Siwaandikii nikiwa na mikono misafi, mnaona: mfalme wa kwetu alitia mhuri wake, na walioletwa pwani wakitembea kwa miguu kutoka bara walikuwa wakiuzwa na watu waliosema lugha hii ninayowaandikia. Waliofika visiwani waliitwa Wamozambiki bila kujali kwao, na majina yao yakabadilishwa. Tarehe 20 Desemba 1848 uhuru ulipotangazwa Réunion, watu zaidi ya 60,000 walisimama kuwa raia, wengi wao wakipewa majina ya ukoo siku hizo hizo, na makarani, kwenye madaftari.

Madeleine hakuwa wa pwani yetu. Wazee wake waliuzwa upande wa bahari nyingine. Lakini sheria ya 20 Mei 1802 ilizishika bahari zote mbili kwa mkono mmoja, na picha yenu ndiyo mahali ambapo mtu wa Kilwa, wa Saint-Denis ya Réunion na wa Pointe-à-Pitre ya Guadeloupe wanaweza kusimama pamoja na kuiona sheria hiyo ikiwa na uso. Naomba maelezo ya picha yafike mpaka huko. Mtazamaji asiachwe mwaka 1800 akidhani mambo yaliishia vizuri. Aambiwe kuhusu 1802, na aambiwe kuhusu ng'ambo ya Rasi.

Nikiwa kwenye kilemba, niongeze jambo dogo. Unguja nayo mavazi yalikuwa hati ya cheo. Watumwa walivaa merikani na kaniki, na baada ya 1897, utumwa ulipoondolewa katika sheria, wanawake walioachiwa huru walijionyesha kwa kanga, na baadaye kwa buibui: kujifunika ndiko kulikuwa uungwana. Ndiyo maana wageni wangu wa pwani hawaoni kwanza sanaa. Wanaona mtu aliyefunikwa kichwa kwa heshima na kuachwa kifua wazi, wanajua papo hapo kwamba hapa kuna mambo mawili yanayogombana. Mtaalamu atawaeleza kuhusu miungu ya kike ya Wagiriki na mtindo wa wakati ule. Ni kweli, na asikilizwe. Lakini na wao wasikilizwe.

Ombi la mwisho ni la lugha. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na makao yake makuu yako hapa Paris, mto ule ule wa Seine, mwendo wa miguu kutoka kwenu kwa mtu mwenye nafasi. UNESCO inawahesabu wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Ndani ya Ufaransa yenyewe, katika kisiwa cha Mayotte cha Bahari ya Hindi, ambacho ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, wananchi wanasema Shimaore, ndugu wa damu wa Kiswahili, kiasi kwamba mtu wa Kilwa na mtu wa Mamoudzou, mji mkuu wa kisiwa hicho, wakiwa na subira wanaweza kushikiana maneno mengi. Siombi jumba zima litafsiriwe. Naomba picha hii moja iwe na maelezo ya Kiswahili, yanayosikika kwa sauti na kusomeka, ili shangazi yangu akirudi asimtegemee mpwa wake anayebabaika kutafuta neno.

Nimeyaandika maelezo hayo mwenyewe, bila malipo, nanyi mko huru kuyapitia na wataalamu wenu:

"Madeleine (huenda ndiye). Alitoka Guadeloupe, akaletwa Ufaransa na shemeji wa mchoraji. Alichorwa na Marie-Guillemine Benoist, na picha ikaonyeshwa mwaka 1800 bila jina lake. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa. Mwaka 1802 utumwa ulirudishwa Guadeloupe, na sheria ya mwaka huo huo ikauhalalisha pia katika visiwa vya Bahari ya Hindi, ambako watu walioletwa kutoka pwani ya Kilwa walikuwa watumwa. Dola ya Ufaransa iliinunua picha hii mwaka 1818. Utumwa ulifutwa tena mwaka 1848."

Nimeyapima kwa kuyasoma kwa sauti ya kawaida: hayafiki dakika moja. Mkiona kibao ni kidogo, punguzeni mtakapopunguza, ila neno la kwanza libaki la kwanza.

Wenu katika kazi,

Mkalimani, mzaliwa wa Kilwa
Paris